Mukono wa Mujomba

Kalemie, tarehe 6 Februari 2022

Kwako Cyprien, mutoto wangu wa kwanza,

Kama barua hii imekukuta umekaa, simama, ni mama yako anasalimia. Huku tunaendelea. Mimi nina kikohozi cha moshi wa kukausha samaki, lakini hakinizuii kuongea, na muntu anayeweza kuongea hajagonjwa. Wewe je? Lile tumbo lako la zamani? Unakula? Moba wanapika muhogo bila chumvi, najua, nilipita huko nikiwa musichana.

Watu wananiambia, "Mama Julie, nunua simu kubwa uzungumze na mutoto." Nawajibu simu inakula pesa za unité na hakuna kinachobaki. Barua yako naisoma mara tatu: moja kwangu, moja kwa dada yako Chantal, moja kwa wamama wa mutaa, avenue yetu nzima, tukichambua visamaki vyetu vya ndagala. Masista hawakunifundisha mpaka darasa la sita bure. Nimewaambia wote kwamba umekuwa sekretere wa parti ya siasa. Jirani yetu wa mbele wiki mbili sasa anapita njia ya nyuma. Mutoto wake anafunga mizigo kwenye kamyo, basi atasema nini?

Sasa habari. Chantal amezaa! Musichana, pua ya kwetu kabisa, anaitwa Julie. Nina wajukuu watatu: Falone, Glody na huyu. Niambie nani kwenye Kalemie ana wajukuu wazuri kama hawa, nimufuate nikamuone.

Bwana wa Chantal, Alphonse, anavua vizuri. Ndugu zake wawili wamefika tena kutoka upande wa Baraka, wamekimbia vita, wanalala kwenye baraza yangu. Juzi niliwakuta wote wamezunguka chungu changu, nikasema kwa sauti: "Ninyi watu wa kaskazini muko kama ndagala. Mukiona taa, munakuja. Wafuata-taa!" Alphonse, unajua adabu yake, hawezi kumujibu mama-mukwe uso kwa uso. Akamugeukia Chantal: "Mwambie mama, sasa taa si njo yeye?" Tulicheka mpaka kitoto kikaamka.

Andika upesi. Wamama wanangoja.

Mimi mama yako,
Julie


Moba, 20 Machi 2022

Mama mupenzi,

Tumusifu Yesu Kristu. Nilisimama kama ulivyoagiza, nikasoma nimesimama, mupaka wenzangu wa kazi pale biro wakaniuliza kama ni wimbo wa taifa. Tumbo ni zima. Muhogo una chumvi. Kikohozi chako ukinywee majani ya mupera, usikichezee.

Unibusie Julie mudogo. Falone umwambie mujomba wake hajasahau: akimaliza darasa la pili bila kurudia, natuma kartable ya kubebea madaftari.

Sasa nikuambie parti yetu ya Nyumba na Mila inafanya nini. Tunakutana kila juma, siku ya kwanza ya kazi, kwenye darasa la zamani la katekismu. Mwenyekiti ni Papa Florent, aliyekuwa direkteri wa shule miaka makumi tatu. Anafungua kwa ishara ya musalaba. Tunaongea juu ya minerval, zile pesa za shule, juu ya pombe ya lutuku inayoharibu vijana, juu ya ndoa, juu ya heshima kwa machifu. Ni parti ya wazee, mama. Hata vijana wetu ni wazee.

Kuna mumoja tu anaitwa Grégoire, anakaa kwenye kiti cha karibu na mulango. Kila mukutano anainua mukono: "Na wageni? Tutaongea lini juu ya wageni?" Papa Florent anamujibu hivi kila mara: "Grégoire, funga mulango, mbu wanaingia." Tunacheka, tunaendelea na minerval.

Utani wako wa ndagala niliusoma peke yangu nikacheka kama mwenda wazimu. Musalimie shemeji Alphonse.

Mwanao,
Cyprien


Kalemie, 11 Juni 2022

Cyprien wangu,

Salamu zinatangulia, mimi niko nyuma yazo nakuja polepole, goti limekataa. Wewe umeamkaje huko? Watoto wazima. Falone amekuwa wa tatu darasani, angekuwa wa kwanza lakini mwalimu ana mutoto wake humo humo.

Barua yako niliisoma mbele ya wamama kumi na mumoja. Pale kwenye mbu, Mama Éliane alianguka kutoka kwenye kibao. Sasa muntu akisema ujinga huku sokoni tunamwambia, "Funga mulango!" Umeona? Wewe uko Moba lakini maneno yako yanauzwa Kalemie.

Lakini ziwa limepanda tena, mwanangu. Limekula nyumba tano za chini. Watu wanapanda kwetu na magodoro kichwani, kiwanja hakuna. Nikasikia muntu anasema, kama wale wa kaskazini wasingekuja tungepata mahali pa kujenga. Nikamwambia, "Ziwa lilipoingia nyumbani kwako lilikuuliza karatasi?" Akajitwika godoro lake akapita. Mimi sishindwi na maneno, unanijua.

Alphonse alibeba vitu vya watu siku mbili, bila kulala, mizigo ya wale wale.

Mama yako anayekungoja,
Julie


Moba, 17 Oktoba 2022

Mama mupenzi,

Natumaini goti limekubali. Mimi niko salama, nimechoka kidogo. Pole ya maji.

Nakuandikia jambo ambalo litakufurahisha, nafikiri. Siku ya Mungu tulifanya mitingi ya parti kiwanjani Zongwe. Mwenyekiti alinipa neno. Niliongea juu ya minerval nusu saa nzima, na watu walikuwa wanaangalia mbuzi wawili waliokuwa wanapigana nyuma yangu. Mama, nilisikia aibu. Basi, bila kupanga, nikatoa utani wako. Nikasema vijana wetu hawana nafasi ziwani kwa sababu wafuata-taa wamejaa, wao ni kama ndagala.

Mbuzi wakasahauliwa. Watu walisimama. Walinirudisha niseme tena. Muzee mumoja akapiga kelele, "Basi zima taa!" na kiwanja chote kikajibu, "Zima taa!" Sijawahi kusikia watu wengi hivi wakisema kitu kimoja kwa ajili yangu.

Siku iliyofuata, kwenye mukutano, hakuna aliyetaja minerval. Grégoire ameletewa kiti mezani. Papa Florent aliniita pembeni: "Cyprien, umewapa watu lutuku ukawaambia ni maji." Muzee anazidisha. Ni utani tu. Alphonse mwenyewe alicheka, si wewe uliniandikia?

Mwanao,
Cyprien


Kalemie, 29 Novemba 2022

Kwa mutoto wangu anayejaza viwanja,

Unaamkaje, mukubwa? Mimi siku hizi natembea bila goti kuuma, sifa ni dawa.

Neno limefika huku! Vijana wanaliimba kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhuka, wamelitia ngoma. Nikawaambia, ninyi, hilo neno lilitoka jikoni kwangu, mimi mwenyewe njo nililisema, na aliyelibeba ni mutoto wangu. Hawakuamini mupaka nikaleta barua yako. Mama Séraphine, yule wa upande wa kaskazini anayekausha samaki karibu nami, aliinuka akahamisha kitanda chake cha samaki upande mwingine. Nikamwambia, "Séraphine, ni utani, unanijua miaka makumi mbili." Akasema, "Nakujua, Mama Julie." Basi.

Kuna kitu kingine, lakini usikitie moyoni. Walevi fulani walivunja taa za mitumbwi kumi na miwili. Zote za watu wa kaskazini. Moja ni ya Alphonse. Walikuwa wanaimba. Mimi nasema ni lutuku, parti yako iongee tena juu ya lutuku.

Alphonse bado ananisalimia. Ila siku hizi anakula nje. Jana nilimutania kidogo nimurudishe, nikangoja amugeukie Chantal na jibu. Hakugeuka.

Unaweza kumwandikia neno? Wewe ni shemeji yake.

Mama yako,
Julie


Moba, 23 Aprili 2023

Mama,

Unisamehe ukimya. Afya iko. Nilipokea barua zako mbili za mwanzo wa mwaka.

Hii usiwasomee wamama, tafazali.

Papa Florent ametoka. Hakufukuzwa. Grégoire alimuuliza mbele ya wote: "Papa, uko na sisi ao uko na wao?" Muzee akajibu, "Mimi niko na katekismu." Watu wakacheka, vilevile tulivyokuwa tunamucheka Grégoire. Akachukua kofia yake. Mimi sikucheka, mama. Lakini sikusimama pia.

Sasa imeandikwa kwenye karatasi ya parti, ukurasa wa kwanza: muntu ni wa kwao baba yake, na asiye wa hapa arudi kwao. Minerval iko ukurasa wa sita. Usifikiri wote wanaamini. Mumoja mumoja ananikuta njiani, ananiambia kwa sikio: tupate kura kwanza, halafu tutarudi kwenye mambo yetu. Nimewahesabu. Tuko tisa mezani, na saba tunasema hivyo, pamoja na mimi. Siku ya kupitisha ile karatasi wote tisa tuliinua mukono.

Wameniweka kandida wa Kalemie kwenye kura. Najua utafurahi. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Mwanao,
Cyprien


Kalemie, 14 Mei 2023

Cyprien mwanangu, kandida,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Nimefurahi, nisiseme uongo. Nililia mbele ya picha ya baba yako, nikamwambia, "Unaona? Kijana uliyesema atakuwa muvuvi tu." Afya yangu si mubaya. Usingizi njo umepungua.

Sikuwasomea. Wamama wameuliza, nikasema maji yaliingia kwenye barua.

Sasa sikiliza, maana hii siandiki kama mama wa kandida. Komite ya mwalo sasa ni watu wa parti yako. Wamesema kila muvuvi na kila nyumba ilete karatasi ya ukoo, imewekwa mukono na mukubwa wa ukoo wa hapa. Asiye nayo mwisho wa mwezi wa nane atoke na watu wake. Alphonse walimwambia, "Wewe na vindagala vyako vitatu." Vindagala ni wajukuu wangu. Falone alirudi kutoka shuleni, nikamuuliza masomo, akasema, "Koko, mimi ni wa wapi?" Mutoto aliyezaliwa mita mia moja na kaburi la babu wa babu yake!

Parti yako inajiita Mila. Basi niwafundishe mila. Sisi watu wa ziwa hili, tangu wakoko wetu wa zamani, mutoto hahesabiwi kwa baba. Mutoto ni wa tumbo. Baba anaweza kutoka mwezini, watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mwenye watoto ni mujomba. Mujomba njo anawaoza, njo anawazika, njo anajibu mbele ya chifu. Wewe mwenyewe nani alikulipia masomo, baba yako ao kaka yangu Ruben? Na jina la ukoo unalotembea nalo kwenye affiche za kampeni ni la nani? Ni langu!

Basi Chantal ana mujomba mumoja tu wa watoto wake, na huyo ni wewe. Weka mukono. Andika: mimi Cyprien, mujomba, hawa watatu ni wangu. Wakiwa wako, baba yao hawezi kufukuzwa kwenye nyumba ya watoto wako. Mustari mumoja tu, mwanangu. Umeandika hotuba ngapi?

Mama yako,
Julie


Moba, 2 Julai 2023

Mama,

Salamu. Barua yako imefika na jambo lake linasomwa.

Unasema kweli juu ya mila ya zamani. Lakini watu wa parti siku hizi wanatoka pande nyingi, Kabalo na mbele zaidi, na kwao mutoto ni wa baba. Hatuwezi kuanza mabishano hayo katikati ya kampeni. Tena, mama, fikiri: karatasi yenye jina langu ikisema nina wapwa wa kaskazini, Grégoire atainua juu kwenye mitingi. Yeye alitaka kiti changu cha Kalemie. Kitu cha kwanza atakachoniuliza ni kile alichomuuliza Papa Florent.

Ngoja kura zipite. Nikiwa ndani nitaweza kuwasaidia wote. Kwa sasa usitaje neno mujomba mbele ya watu.

Mwanao,
Cyprien, sekretere na kandida


Kalemie, 5 Agosti 2023

Cyprien,

Wazima wanasalimia.

Kura ni mwezi wa kumi na mbili. Watoto ni mwezi huu. Sasa wangoje wapi, ndani ya maji?

Nimekwenda mwenyewe kwa komite, na kitenge changu cha misa. Nikasema mimi ni koko yao, mama wa mama yao, nitaweka mukono mimi. Kijana mumoja, nilimuogesha huyo akiwa mutoto, akasema, "Mama, mwanamuke haweki. Tuletee mujomba." Unaona? Mujomba walimutaja wao wenyewe! Mila yetu iko ndani ya vinywa vyao bado. Ukiweka mukono watakubali, watakuogopa.

Nimenunua karatasi ya komite, nimeijaza kwa mukono wangu, majina matatu, tarehe za kuzaliwa, hakuna kosa hata moja. Nimeacha mahali pa wewe tu. Chadrack, kapiteni wa mashua, anakuletea mukononi na atangoja siku mbili pale bandarini. Nimemulipia chakula cha kungoja.

Nitashuka kwenye maji siku ya ine ya juma, kumungoja akirudi.

Mama yako


Moba, 18 Novemba 2023

Mama mupenzi,

Kwanza pole kwa kimya hiki. Nilikuwa njiani, Kabalo na kwingine. Natumaini uko na afya njema na nguvu.

Karatasi aliyoleta Chadrack iko kwenye kabati langu, iko salama, hakuna aliyeiona.

Nimesikia komite iliongeza siku mupaka mwisho wa mwezi huu, ni mimi niliyeomba, ingawa sikutaja jina. Lakini mama, tarehe mbili Desemba tunafanya mitingi kubwa Kalemie. Vijana watakuwa wengi na mimi siwezi kushika mikono yao wote. Kwa usalama wao ni vizuri shemeji, Chantal na watoto wasafiri kidogo mbele ya siku ile. Wiki chache tu.

Wewe ninakuomba ukae musitari wa mbele. Kitenge cha parti utaletewa. Watu wanataka kumuona mama.

Mwanao,
Cyprien


Kalemie, 4 Desemba 2023

Cyprien,

Mimi ni muzima. Kikohozi kimeisha, hakuna samaki wa kukausha.

Walitoka siku ya ine asubuhi, siku mbili mbele ya mitingi yako, mutumbwi wa Alphonse, kuelekea Baraka. Kule kule ndugu zake walikokimbia vita. Falone alikataa kuvua uniforme, alisema ni siku ya masomo, basi akaingia nayo ndani ya mutumbwi. Glody alibeba kuku. Alphonse alipiga magoti mbele yangu kwenye muchanga, na safari hii hakunipitishia neno kwa Chantal, kwa sababu Chantal alikuwa amekaa tayari ndani ya mutumbwi na hakuniangalia. Kitoto nilikishika mupaka maji yakanifika kiunoni.

Halafu siku ya posho, siku ya mitingi, nikavaa kitenge chako. Nilikaa mbele, kiti cha plastiki cheupe, walinifutia vumbi.

Uliongea vizuri. Hilo sitakunyima. Sauti ni ya baba yako, na mukono unaukata hewani kama kaka yangu Ruben. Wamama walipiga vigelegele na mimi nilipiga. Sikukusudia. Kinywa kilifunguka chenyewe, kimezoea kukusifu.

Uliona wewe mwenyewe kilichofuata, lakini ulikuwa juu, mimi nilikuwa chini, nikuambie vile kilivyokuwa chini. Grégoire alishuka na muntu wa redio, akaniwekea mikro hapa kwenye kidevu. Akasema, "Huyu njo mama wa kandida wetu, mama wa mila! Mama, waambie wasikilizaji, una wajukuu wangapi?"

Alijua. Uso wake ulijua. Wamama wa avenue yangu walikuwa nyuma, wote wamekula sherehe za wajukuu hao, wakaangalia miguu yao. Mama Éliane akakohoa. Nikainua macho kwako. Na wewe uliniangalia, Cyprien. Nimekaa siku mbili nafikiri juu ya ile sura, uliniomba nini. Mutoto akiwa mudogo mama anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Ile sura sikuijua. Ungetikisa kichwa kidogo tu, ungefunga macho, kitu chochote, ningesema watatu. Ningewataja na majina.

Nikasema, "Bado. Mungu hajanipa."

Wakapiga makofi. Grégoire akasema, "Basi tumutafutie kandida bibi wa kuoa!" na watu wakacheka, na wewe ukacheka.

Utashinda, wote wanasema. Jirani wa mbele amekuja kunisalimia na sukari. Nyumba ni kubwa sana, sikujua. Barua hii sikumusomea muntu, na zile zako nimezifunga, wamama hawaziulizi tena.

Jana redio ilirudisha mitingi yote, tangu mwanzo. Juu ya maji redio yetu inafika mbali. Jioni simu ya jirani ikaita, namba ya kule. Nikasema allo, Chantal, mwanangu. Alikuwa anapumua tu. Nyuma yake nikasikia kwenye redio ngoma za mitingi, na makofi. Nikasema allo, allo, kitoto kinanyonya? Halafu Falone akachukua simu. Alisalimia vizuri, pole pole, kama nilivyomufundisha kusalimia watu wakubwa wa njiani. Akasema:

"Jambo, Mama Julie. Tulifika."

Nikangoja aseme koko. Nikangoja mupaka simu ikakatika.

Mama yako,
Julie